Swali la Jumamosi

Kaa hapo, usisimame mlangoni kama mgeni. Najua umepewa ofisi ya ushauri wa taaluma muhula huu, na najua ofisi yenyewe ina mipira ya voliboli, ramani ya Afrika iliyoliwa na mchwa, na kabati ambalo ufunguo wake alihama nao mwalimu aliyekutangulia. Nilikaa katika ofisi za namna hiyo miaka yangu yote ya kazi, kwanza upande wa Homa Bay karibu na ziwa, kisha huku Migori nilikostaafu. Kwa hiyo tusidanganyane. Hakuna atakayekuletea kabati lingine. Tuzungumze juu ya kazi.

Nataka kukueleza habari za msichana mmoja aitwaye Quinter. Alikuwa Gredi ya Tisa katika shule moja karibu na machimbo ya dhahabu ya Osiri. Siku niliyomjua ilikuwa Alhamisi. Jumatatu jioni mfumo wa serikali wa kuchagua mikondo ya sekondari pevu, yaani Gredi ya Kumi kwenda juu, ulikuwa ufungwe, na jina la Quinter lilikuwa limeshaingizwa kwenye Sayansi ya Jamii, ingawa alama zake za sayansi na hesabu zilikuwa za kumfanya mwalimu atabasamu peke yake. Mfumo ukishafungwa umefungwa. Mtoto haendi tena kusoma kemia. Unaweza kuandika barua, unaweza kulia, unaweza kumpigia simu mtu anayemjua mtu. Mimi nimefanya yote matatu kwa ajili ya watoto wengine, na najua yanafika wapi.

Tulikuwa na siku nne, na mbili kati ya hizo hakuna mtu ofisini.

Katika habari hii hakuna mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwepo mtu mbaya ningemsema, nikalala usingizi wangu. Waliomweka Quinter mahali pasipo pake walikuwa watu wenye nia njema, wenye digrii, na wenye kalamu nzuri.

Ilianza hivi. Chuo kikuu kimoja, sina haja ya kukitaja, kilianzisha mafunzo ya walimu washauri wa taaluma. Kikasema kitashirikiana na sisi tulioifanya kazi hiyo shuleni kwa miaka. Nilifurahi. Kwa muda mrefu vyuo vilikuwa vikitoa washauri ambao hawajawahi kukaa na mtoto mmoja anayetafuna kola ya shati kwa woga, na sisi tulikuwa tukikaa na watoto hao bila kusoma ukurasa mmoja wa saikolojia. Kila upande ulikuwa na nusu ya mkate. Basi tukaitwa Homa Bay, katika ukumbi wa hoteli, tukaambiwa sisi ni wadau. Jihadhari na neno hilo, mwanangu. Ukiitwa mdau, maana yake utapewa chai, utapewa kalamu yenye nembo, kisha utaombwa maoni juu ya kitu kilichokwisha kuchapishwa.

Aliyeongoza kikao alikuwa Dakta Njoki, mhadhiri wa makamo, mwerevu, mwenye heshima. Nilimpenda, na hiyo ndiyo sababu alinichosha kuliko wengine. Nilinyoosha mkono.

"Dakta, hawa wanafunzi wenu watakaa shuleni muda gani?"

"Wiki mbili, Mwalimu."

"Na darasani kwenu?"

"Mihula mitatu."

"Fundi wa pikipiki pale Rongo hukaa na mwanafunzi mwaka mzima kabla hajamwachia karabureta. Na karabureta haina mama."

Watu walicheka. Dakta Njoki hakucheka, aliandika. Nilipomwona akiandika nikadhani tumesonga mbele. Baadaye nilijifunza kwamba mtu anaweza kuliandika jambo ili asilazimike kulitenda.

Halafu wakatuonyesha chombo chao. Wenyewe walikiita hivyo, chombo, kama sufuria. Kilikuwa hojaji ya maswali mengi ambayo mtoto hujibu, majibu yanaingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta inatoa karatasi inayosema mtoto anafaa mkondo gani. Swali moja liliuliza kama mtoto hufurahia kutembelea makumbusho. Jingine liliuliza kama vitabu vya nyumbani kwao amevipanga kwa rangi au kwa ukubwa. Nyumba nyingi ninazozijua huku zina Biblia, kitabu cha nyimbo na daftari za shule. Ukivipanga kwa ukubwa unakuwa umemaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Tulisema. Tukaambiwa chombo kimethibitishwa. Tukanywa chai.

Sasa usidhani nakuambia haya kama mtu asiyekosea. Nikiwa mwalimu mchanga kule ziwani, nilikuwa na msichana bwenini aliyefungua redio za wenzake na kuzitengeneza. Nilimnyang'anya bisibisi. Nikamwambia asome, aache kuchezea vyuma, achukue kozi ya uhazili kwa sababu ana mwandiko mzuri. Alinitii. Sasa ni katibu katika ofisi moja ya kaunti, na printa ikikwama fundi haitwi, anaitwa yeye. Tulipokutana sokoni alinisalimia kwa mikono miwili akasema, "Madam, mimi ni katibu kwa sababu yako." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananishukuru au ananishtaki.

Turudi kwa Quinter.

Shule yake ilikuwa na mwalimu kijana, Felix, aliyekuwa akisomea ushauri katika mafunzo yale ya chuo. Wiki zake mbili za vitendo zilikuwa zinaishia hapo, na mimi, ingawa nilikuwa nimestaafu, nilipewa kazi ya kumsimamia. Alama zake zilitegemea jambo moja kubwa: je, amefuata mwongozo wa chombo? Alhamisi hiyo nilitoka Awendo asubuhi, nikachelewa kwa sababu trela la miwa lilikuwa limelala katikati ya barabara, nikamkuta Felix ananingoja ofisini kwake na rundo la karatasi zilizopigwa stapla vizuri.

"Madam, nimemaliza darasa lote. Siku mbili tu. Na nimeshaingiza kwa mfumo."

Nikasoma ya kwanza. Mtoto anafaa huduma za dini na jamii, ndani ya mkondo wa Sayansi ya Jamii. Nikasoma ya pili. Huduma za dini na jamii. Ya tatu, hivyo hivyo. Nilipofika katikati ya rundo nikavua miwani.

"Felix, hii shule ni seminari?"

"Hapana, Madam."

"Sasa hawa wachungaji wote tutawapeleka wapi? Kondoo hawatatosha."

"Kompyuta ndiyo imesema. Hata mimi nilishangaa kidogo. Lakini chombo kimethibitishwa."

"Kimethibitishiwa wapi?"

"Chuoni."

Nikamwambia anitolee majibu yenyewe, yale watoto waliyoyaandika kwa mikono yao. Tukayapitia swali kwa swali mpaka la kumi na moja. Liliuliza: Jumamosi, ukiwa huru, wewe hupenda kufanya nini? Na majibu yalishuka ukurasa mzima. Naenda kanisa. Kanisa. Kuimba kwaya. Naenda kanisa na mama. Kanisa mpaka jioni.

Nilicheka mpaka karani akachungulia dirishani.

Kama umetoka mbali nikueleze. Huku kwetu familia nyingi ni Wasabato. Kwao Jumamosi ni Sabato. Mtoto haamki Jumamosi akajiuliza atafanya nini, ilishaamuliwa kabla hajazaliwa. Lakini aliyetunga swali alikuwa mahali ambapo Jumamosi ni siku ya mpira na marafiki, siku ambayo kipaji cha mtu hujitokeza chenyewe. Kumwuliza mtoto wa Kisabato Jumamosi hupenda kufanya nini ni sawa na kumwuliza mtu aliyelala hupendelea kuota kitu gani. Na swali lile lilikuwa limepewa uzito mkubwa kuliko yote. Wakatoliki wa darasa hilo, ambao Jumamosi hufua sare na kuchota maji, kompyuta ilikuwa imewapeleka kwenye kazi za hoteli.

Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka jambo.

"Felix, wewe Jumamosi huwa wapi?"

"Kanisani, Madam."

"Na hukuona hili?"

Akaangalia mikono yake. "Niliona, Madam. Niliona siku ya kwanza. Nikadhani ni mimi sielewi."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli, na si kwa Felix. Kijana amezaliwa huku, amelelewa huku, anajua Jumamosi ya watoto hawa kuliko profesa yeyote, na mafunzo yalimfundisha kwamba anachokijua si elimu. Kosa la swali linasahihishwa kwa kalamu. Hili la kumfanya mwalimu asiyaamini macho yake linachukua muda mrefu zaidi kuliondoa.

Nikamwuliza kuna mtoto gani katika rundo hili ambaye yeye mwenyewe, Felix, anaona karatasi imemkosea kabisa. Hakufikiri hata kidogo. Akachomoa ya Quinter. Penye mkondo anaoutaka alikuwa ameandika, "Chochote." Penye shughuli anazofanya nje ya shule alikuwa ameandika, "Hakuna."

"Nilimwuliza, Madam. Akasema chochote. Sasa nikafuata karatasi."

Tukamwita. Akaja msichana mrefu, mwembamba, akasimama mkono umeshika mkono.

"Quinter, ungependa kusoma nini huko mbele?"

"Chochote, Madam."

"Chochote ni somo la gredi gani?"

Akatabasamu kwa sakafu.

Mwalimu aliyenifundisha kazi hii kule Homa Bay alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Japuonj Okelo, Japuonj kwa Kijaluo ni mwalimu. Hakuwa na cheti cha ushauri. Nilimwona mara nyingi akifanya jambo ambalo nililiona la kitoto mpaka nilipolijaribu. Mtoto akisema hajui anachotaka, Okelo aliinuka kwenye kiti chake, akamketisha mtoto hapo, yeye akakaa kwenye benchi la wanafunzi na magoti yakimfika kidevuni. Kisha akasema, "Haya, mimi sijui kitu. Nifundishe." Mtoto ukimwuliza anapenda nini, atatafuta jibu la kukupendeza. Ukimwomba akufundishe, inabidi atafute kitu ambacho kweli kimo ndani yake.

Kwa hiyo nilimketisha Quinter kwenye kiti cha Felix. Mimi nikakaa juu ya mfuko wa mipira ya voliboli uliokuwa pembeni.

"Nifundishe kitu kimoja unachokijua ambacho mimi sikijui. Chochote," nikamwambia, "kwa kuwa unalipenda hilo neno."

Akanyamaza. Felix akafungua mdomo amsaidie, nikamkanyaga kiatu. Huu ndio ugumu wa kazi yetu: mtoto akinyamaza, sisi tunaona aibu kwa niaba yake, tunamjazia maneno. Tulikaa hivyo muda ambao mtu angeweza kumenya viazi vya watu wawili.

"Madam," akasema, "unajua sabuni inafanya dhahabu izame?"

"Sijui. Dhahabu si nzito? Inazama yenyewe."

"Ile kubwa ndiyo inazama. Ile laini kama unga inapanda juu ya maji. Inaelea. Ukimwaga maji unaimwaga nayo." Mikono ikaanza kuzunguka hewani kama imeshika karai. "Ukiweka sabuni ya unga kidogo, inazama. Ukiweka nyingi, povu linaibeba tena. Kwa hiyo lazima ujue kiasi. Na maji ya mto na ya mvua si sawa. Ya mvua hayataki sabuni nyingi."

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna mtu. Nilikuwa najaribu. Jumapili ndiyo tunaosha mchanga na mama." Akashtuka. Akaiangalia ile karatasi mezani, yenye jina lake na muhuri wa shule. "Hiyo utaandika hapo, Madam?"

"Kwa nini?"

"Ina jina. Chifu akiona, ataita mama."

Sasa unaelewa ile "Hakuna". Machimboni mtoto haruhusiwi, na ni sawa asiruhusiwe. Watoto wote wa pale wanajua gari la maafisa lina rangi gani. Chuo kilikuwa kimewapa fomu yenye jina na muhuri, kikawauliza wanafanya nini nje ya shule, kisha kikashangaa kwamba watoto wa Osiri hawafanyi chochote. Niliigeuza karatasi juu chini mbele ya Quinter, nikaiwekea mpira wa voliboli juu yake. Akaendelea. Alituambia kwamba wengi huokota dhahabu laini kwa zebaki, na zebaki ikichomwa moshi wake ni mbaya, na mamake mdogo ambaye ameichoma miaka mingi sasa hawezi kushika kikombe kikatulia. Alichokuwa akikitafuta na pakiti za sabuni za mamake ni njia ya kuiacha zebaki kabisa.

Kengele ilipolia na msichana kuondoka, Felix akasema, "Madam, nikimbadilisha nitaanguka vitendo."

Alikuwa anasema kweli. Nikatoka nje, nikasimama chini ya tangi la maji ambapo simu hushika, nikampigia Dakta Njoki. Nilimweleza yote, polepole, kama ninavyokueleza wewe.

"Mwalimu, nakuelewa. Lakini siwezi kubadilisha chombo katikati ya utafiti. Data itaharibika."

"Data ikiharibika utakusanya nyingine. Huyu mtoto ana mpaka Jumatatu."

"Na Felix akiyaacha matokeo ya chombo, nitampa alama kwa kigezo gani? Mwongozo unasema afuate."

"Basi njoo uone mwenyewe, halafu utajua kigezo."

"Lini?"

"Jumapili. Ndiyo siku wanayoosha mchanga."

"Mwalimu, Jumapili mimi huwa kanisani."

Nilisikia maji ya tangi yakidondoka. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko cha Quinter, na safari hii sikuhitaji kumkanyaga mtu. Kisha nikasikia mhadhiri akicheka taratibu, kama mtu aliyekuta miwani yake kichwani mwake.

"Kwa hiyo na mimi ni mchungaji," akasema. "Sawa. Nitahudhuria misa ya kwanza, nije."

Alikuja kweli, na viatu vya kanisani. Felix alituongoza hadi mahali pa kuoshea, mbali na mashimo. Mamake Quinter alipotuona aliacha karai, akasimama mbele ya binti yake.

"Hawa ni wa serikali?"

"Ni walimu, Mama," Felix akasema.

"Walimu wa Jumapili?" Akatupima kutoka juu hadi chini, akakwama kwenye viatu vya Dakta. "Kama ni kushika mtu, shikeni mimi. Huyu hashuki kwa shimo na hagusi zebaki. Anaosha tu, na anasoma."

"Min Quinter," nikamwambia kwa Kijaluo, yaani Mama Quinter, "tumekuja kufundishwa. Hakuna atakayeshikwa isipokuwa na njaa."

Hilo lilimfanya aguse kiti kwa mguu, akakisogeza kwangu. Quinter akachukua karai safi, akatia maji, akanyunyiza unga wa mchanga uliosagwa. Vumbi jembamba lilibaki juu linang'aa kama mafuta kwenye mchuzi. Akatia sabuni kwa ncha ya kidole, akatikisa. Vumbi likashuka. Dakta Njoki alikuwa amepiga magoti kwenye matope bila kujua.

"Umejuaje kiasi?"

"Nilijaribu ncha moja, mbili, tatu."

"Uliandika mahali?"

Quinter akaenda kwenye mfuko wake wa shule, akaleta daftari la somo la dini. Mbele palikuwa na Amri Kumi. Nyuma palikuwa na safu: maji ya mto, maji ya mvua, ncha ngapi, imezama, haijazama. Tarehe zote zilikuwa za Jumapili.

"Sabuni yangu yote imeishia hapo," mama akasema. "Nilikuwa napiga kelele, nadhani anacheza. Sasa mnataka kumfanya nini?"

Nilimweleza kuhusu mikondo miwili, wa jamii na wa sayansi, na kuhusu Jumatatu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ya kwanza, ya jamii, anaweza kuwa karani?"

"Anaweza."

"Basi awe karani. Akae kwa kivuli. Dada yangu angekaa kwa kivuli, leo angeshika kikombe."

Hapo mimi nilinyamaza, na nakuomba siku yako ikifika unyamaze pia. Mama hakuwa mjinga. Alikuwa anamwokoa mtoto wake kwa njia aliyoijua. Kazi yangu haikuwa kumshinda.

"Mama," Quinter akasema, "nataka ile ya sayansi."

"Si uliwaambia walimu chochote?"

"Waliniuliza nikiwa nimesimama mbele ya watu."

"Na sasa?"

"Sasa umeniuliza wewe. Nataka kemia. Nataka mama mdogo awe wa mwisho kuumizwa na zebaki."

Mama akainama, akaokota karai lake.

"Nyathina," akasema, yaani mtoto wangu, "basi uitafute vizuri. Na sabuni utanunua yako."

Njiani, tulipofika lami, Dakta Njoki akamgeukia Felix.

"Andika ukurasa mmoja. Sababu za kuacha matokeo ya chombo, kwa kila mtoto unayembadilisha. Nitauhesabia alama."

"Wote, Dakta?"

"Wote ambao chombo kimewakosea."

Jumatatu shule haikuwa na mtandao. Felix alipanda bodaboda hadi mjini na orodha mfukoni, kwa sababu Ijumaa alikuwa amekaa na watoto wote waliofanywa wachungaji na watu wa hoteli, mmoja mmoja, kwenye kile kiti. Wawili hawakuwepo Ijumaa, na hawakuja Jumatatu. Hao walibaki pale kompyuta ilipowaweka. Mmoja nasikia ameridhika. Wa pili sijui, na sipendi kutojua. Mchana karibu saa tisa simu yangu ililia.

"Madam, ya Quinter imeingia. Nimeiona kwa macho."

"Macho ya nani?"

"Yangu, Madam."

Quinter sasa yuko Gredi ya Kumi, anasoma kemia, na walimu wake wanalalamika kwamba anauliza maswali mengi. Swali la kumi na moja lilirekebishwa pia. Ilihitaji vikao vinne na chai isiyo na idadi ili maneno mawili yabadilishwe. Vitendo si wiki mbili tena, ni muhula mmoja. Mimi niliomba mwaka. Na washauri wanaosomea kazi hii sasa wanakuja kwetu kabla hojaji haijachapishwa, wanakaa na watoto, wanarudi chuoni na maswali yaliyofutwafutwa, ndipo Dakta anafundisha nadharia. Tunagombana bado. Juzi walileta swali kuhusu kupanda lifti. Lakini sasa tunagombana kabla ya mtoto kuumia, si baada, na huo ndio ushirikiano ninaouelewa.

Nawe nimekuchosha, nenda. Ila Jumatatu ukifika shuleni, kabla hujafungua kompyuta, tafuta mtoto mmoja aliyeandika "chochote". Mpe kiti chako, keti mahali pake, mwombe akufundishe kitu kimoja. Atanyamaza mara ya kwanza kwa woga, mngoje. Atanyamaza mara ya pili kwa sababu amemaliza. Hapo ndipo uchukue kalamu.